Chujio Likijaa Halisemi

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo ya juma hili nataka tuzungumzie maji. Sina nia ya kuzungumzia ukosefu wa maji, maana hilo tumelizungumza mara nyingi. Nataka tuyatazame maji yaliyopo, yanayong'aa kwenye glasi, yasiyo na harufu wala ladha ngeni, na ambayo hata hivyo yanamdhuru mnywaji taratibu, siku baada ya siku, bila yeye kujua.

Mtu aliyekulia kando ya Mlima Meru akifika Dar es Salaam mara nyingi hutambulika kabla hajataja kwao. Akicheka tu, watu humwuliza, "Wewe ni wa Arusha?" Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia, na pengine yamemomonyoka kidogo. Wapo waliozoea kufunika mdomo kwa kiganja kila wanapocheka. Wapo waliosingiziwa kwamba wanavuta sigara, au kwamba hawapigi mswaki. Ukweli ni kwamba mswaki hauhusiki hata kidogo. Madoa hayo yalikwishaingia kabla jino halijachomoza kwenye ufizi, na yaliletwa na madini yanayoitwa floraidi.

Floraidi si sumu kwa kila kiasi. Ikiwa kidogo, hulisaidia jino lisioze, na ndiyo maana imo katika dawa nyingi za meno. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5. Ikizidi hapo kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, tangu anapozaliwa hadi kama umri wa miaka minane, gamba gumu la nje la jino hujengeka vibaya. Kiasi kikifika miligramu 3 hadi 6, na mtu akanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo huanza kuathirika. Kikizidi miligramu 10, viungo vinaweza kukakamaa na mtu akalemaa. Katika vijiji kadhaa vya Arumeru wapo watoto wenye matege na wazee ambao migongo yao haikunjuki tena.

Wala jambo hili si la Meru peke yake. Floraidi hutoka katika miamba na majivu ya volkano, kwa hiyo hufuata Bonde la Ufa kutoka Uhabeshi, ikapita Nakuru na Naivasha nchini Kenya, ikaingia kwetu Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Singida na Shinyanga nako ina sehemu zake. Maziwa ya Momella, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana floraidi inayohesabika kwa mamia ya miligramu katika lita moja. Bila shaka hakuna anywaye maji ya Momella, lakini ipo mito na visima vinavyotumiwa na watu ambavyo vina miligramu 5, 10 na hata zaidi ya 20.

Kwa nini basi tulichelewa kulitambua jambo hili? Kwa sababu maji yenyewe hayana dalili yoyote. Hapo Arumeru ipo kata iitwayo Maji ya Chai, na jina lenyewe linataja rangi ya chai. Mgeni anaweza kudhani kwamba rangi hiyo ndiyo floraidi. La hasha. Floraidi haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauihisi katika viwango hivyo. Wamarekani nao ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Ilichukua miaka 30 kupata jibu. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya aluminiamu, alipima maji ya mji wa Bauxite katika jimbo la Arkansas kwa vipimo vilivyo makini kuliko vya kawaida, akaikuta floraidi.

Sasa, ndugu msikilizaji, utasema: kama ni maji machafu, si tuyachemshe? Hapo ndipo penye mtego. Kwa miaka mingi tumehimizana kuchemsha maji, na ni haki, maana kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu. Haina uhai wa kuuawa. Maji yakichemka hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki yote sufuriani. Aliyeyachemsha sana amejipatia maji yenye floraidi nyingi zaidi kidogo kuliko alipoanza.

Kuyachuja kwa kitambaa nako hakusaidii. Kifumbu cha tui huzuia machicha kwa sababu machicha ni makubwa kuliko matundu yake. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi iliyoyeyuka ndani ya mchuzi, na hakuna kitambaa kinachoweza kuuchuja mchuzi chumvi yake ikabaki juu. Panahitajika kitu cha namna nyingine, kitu chenye kunasa.

Waliokulia shamba wanaujua ulimbo. Ni utomvu mzito ambao watoto huupaka kwenye kijiti wakakitega mtini. Ndege akitua, miguu yake hunata. Kile kijiti hakikummeza ndege. Ndege amenata juu yake tu. Hii ndiyo tofauti ya sifongo na ulimbo: sifongo huyanywa maji yakaingia ndani, ulimbo hunasa juu. Vipo vitu vinavyofanya kazi ya ulimbo katika maji. Uchafu ulioyeyuka ukipita karibu navyo hunata kwenye uso wao, maji yakaendelea na safari bila ule uchafu.

Kutokana na mfano huo tunapata mambo mawili. La kwanza, kinachohesabika ni ukubwa wa uso, maana huko ndiko kunakonatwa. La pili, kijiti kikishajaa ndege, hakina nafasi ya ndege mwingine. Naomba tulikumbuke hili la pili, nitalirudia.

Mkaa una uso mkubwa ajabu, kwa sababu ndani yake una vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na kila kijitundu kina kuta zake. Gramu moja tu ya mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kuchujia maji ina uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Uwanja wa mpira una kama mita za mraba 7,000. Yaani mkaa unaoweza kukaa kwenye kiganja chako ukiukunjua wote unatandaza uwanja mzima wa mpira na zaidi. Ndiyo sababu hospitalini aliyemeza sumu za aina fulani hupewa unga wa mkaa wa dawa, ili sumu inate huko kabla haijaingia kwenye damu. Ndiyo sababu pia baadhi ya akina mama huweka kipande cha mkaa ndani ya friji kuondoa harufu ya samaki.

Hata hivyo, kila ulimbo una ndege wake. Mkaa wa miti hunasa vizuri harufu, rangi, klorini na baadhi ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Floraidi hupita hapo kama mgeni asiye na habari na mwenyeji. Kwa floraidi unatakiwa mkaa wa mifupa.

Kwa nini mifupa? Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na floraidi huvutwa sana na mjengo huo. Ikiukuta, hung'ang'ania, na mara nyingi huisukuma nje chembe iliyokuwapo ikakaa mahali pake. Tafakari jambo hili, msikilizaji. Kile kinachoifanya floraidi ijikusanye katika mfupa wa mtoto wako ndicho kinachoifanya inate kwenye mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo. Maji hayo lazima yakutane na mfupa. Chujio linafanya yakutane kwanza na mfupa wa ng'ombe.

Wamarekani walianza kuitumia mifupa kwa kazi hii katika miaka ya 1930, na kabla ya hapo, katika karne ya 19, mkaa wa mifupa ulikuwa ukitumiwa viwandani Ulaya kuing'arisha sukari iwe nyeupe. Hapa kwetu Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti huko Ngurdoto, Arusha, ambacho kazi yake ni kutafuta njia za kuondoa floraidi. Kituo hicho kilikwishajaribu njia ya Kihindi ya kutumia shabu na chokaa, kisha mkaa wa mifupa ukapewa uzito mkubwa. Jirani zetu wa Nakuru nao, kupitia mpango wa maji wa Kanisa Katoliki, walianza kutengeneza mkaa huo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Utengenezaji wake unahitaji uangalifu. Mifupa hukusanywa machinjioni na kwa wauza nyama, ikaondolewa mabaki ya nyama na mafuta, ikapangwa katika tanuri ambamo hewa imezuiwa. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 400 na 600 za sentigredi. Joto likiwa dogo, mafuta hayaungui yote, na maji yatakayopita hapo yatatoka na rangi na harufu mbaya ambayo hakuna mtu atakayeivumilia. Joto likizidi, mfupa hugeuka mweupe kama chokaa na nguvu yake ya kunasa hupungua sana. Mkaa mzuri ni mweusi au wa kijivujivu. Baada ya hapo husagwa kuwa chenga, ukapepetwa na kuoshwa, ndipo unapojazwa kwenye ndoo au pipa lenye bomba. Maji humiminwa juu na kupita polepole, maana ndege naye anahitaji muda wa kutua. Ukiyakimbiza maji, floraidi itapita bila kunaswa.

Wapo wanaouliza: ni mifupa ya mnyama gani? Hilo ni swali la haki. Mtu ana haki ya kujua kinachogusa maji anayonywa na kutawadhia, na mtengenezaji anawajibika kulijibu waziwazi, badala ya kulicheka. Machinjio yetu yanafahamika na ng'ombe anafahamika. Hakuna sababu ya kuficha.

Sasa nirudi kwenye kijiti kilichojaa ndege, maana hapa ndipo ulipo moyo wa mazungumzo yangu ya leo.

Tuchukue familia yenye chujio la kilo 10 za mkaa wa mifupa. Tukadirie kwamba kila gramu ya mkaa huo inaweza kunasa miligramu 3 za floraidi; upo mkaa unaofanya vizuri kuliko hapo na upo unaofanya vibaya. Chujio zima basi linaweza kunasa miligramu 30,000. Maji ya familia hiyo yana miligramu 8 kwa lita, nao wanataka yatoke na miligramu 1. Kila lita inaacha miligramu 7 ndani ya chujio. Gawanya 30,000 kwa 7, unapata kama lita 4,280. Wakitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa kunywa na kupikia tu, chujio litafanya kazi siku 214, yaani miezi saba.

Lakini binti wa nyumba akiona maji ya chujio ni masafi akayatumia pia kuoshea vyombo na kufulia, wakafikia ndoo tatu kwa siku, ile miezi saba inakuwa miezi miwili na siku chache. Na kama wanakaa mahali penye miligramu 15 kwa lita, hata kwa ndoo moja tu kwa siku hawatafika miezi minne. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki hujaa hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Kikijaa, nini hutokea? Hakuna kinachotokea. Bomba haliziba. Maji hayabadiliki rangi. Chai ina ladha ile ile. Mama anaendelea kumimina ndoo juu na kukinga chini, na moyo wake umetulia kwamba wanawe wanakunywa maji salama, kumbe tangu miezi mitatu iliyopita maji yanatoka kama yalivyoingia. Huyu yuko katika hali mbaya kuliko jirani yake asiye na chujio, kwa sababu jirani angalau anajua kwamba ana tatizo, na pengine msimu wa mvua anakinga maji ya paa, ambayo hayana floraidi ya kutisha, akamwekea mtoto mchanga.

Hasara yenyewe haionekani mwaka huo. Mtoto aliyekunywa maji ya chujio lililojaa akiwa na miaka miwili ataionyesha hasara hiyo akiwa na miaka saba au minane, siku meno yake ya ukubwani yatakapochomoza. Siku hiyo hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Daktari wa meno anaweza kufunika madoa kwa gharama kubwa, lakini jino limekwisha kujengeka.

Kwa hiyo nasema kwamba kugawa machujio ni nusu ya kazi. Ndoo yenye mkaa ni kitu cha kupigia picha: mgeni rasmi anaikabidhi, watu wanapiga makofi, gari linaondoka. Nusu ya pili ya kazi haina makofi. Ni kuja kupima maji baada ya miezi mitatu, minne, mitano. Ni kuwa na mkaa mpya karibu, kwa bei ambayo mkulima wa mahindi anaimudu. Ni kujua mkaa uliokwisha unapelekwa wapi. Inawezekana kuuosha kwa kostiki soda ili ufanye kazi tena, lakini hilo ni la kiwandani chini ya mtaalamu, si la uani kwa mtu, na maji ya kuoshea yamejaa floraidi, hayafai kumwagwa mtoni. Mradi usio na fungu la nusu hii ya pili unawapa watu utulivu wa moyo tu, na utulivu huo ni wa uongo.

Serikali imepiga hatua katika viwango. Mwaka 1974 viwango vya muda vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa kuwa kupata maji ya aina nyingine kulionekana hakuwezekani. Baadaye zikashushwa hadi 4, na sasa kiwango ni 1.5 kama cha dunia. Ni jambo jema. Lakini kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hakinasi chochote. Pale ambapo maji mazuri yanaweza kuvutwa kutoka chemchemi nyingine, au kuchanganywa na yale yenye floraidi ili kuipunguza, hiyo ndiyo njia bora kwa mji mzima. Pale ambapo haiwezekani, chujio la mifupa litaendelea kuhitajika, pamoja na mtu wa kulipima.

Nanyi wasikilizaji wa Dar es Salaam na miji mingine, msidhani kwamba mazungumzo haya ni ya Arumeru tu. Madukani yamejaa machujio ya kila namna, na mengi yana mkaa ndani. Kabla hujatoa fedha yako, mwulize mwuzaji maswali matatu. La kwanza: chujio hili linanasa kitu gani? Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi, mkaa hautaiondoa chumvi. Kama shida yako ni vijidudu, mkaa peke yake hautoshi. Na kwa kuwa unaondoa klorini iliyowekwa kuyalinda maji, maji hayo yakikaa ndooni yanaweza kuchafuka upesi. La pili: linachuja lita ngapi kabla ya kuchoka? Kama jibu ni "linadumu milele", rudisha pochi mfukoni. La tatu: mkaa wa kubadilisha unapatikana wapi na kwa bei gani? Mkaa wa zamani si kwamba umeacha tu kunasa. Vijidudu huweza kuzaliana humo, na baadhi ya uchafu ulionaswa huweza kuachia na kurudi kwenye maji.

Ukishalinunua, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika ubavuni mwake tarehe uliyoanza kulitumia na tarehe ya kubadilisha mkaa. Wanafamilia wote wajue kusoma tarehe hiyo. Aliye katika sehemu zenye floraidi achukue chupa safi ya maji ya chujio lake, apeleke katika maabara ya maji ya mkoa ipimwe, maana hakuna ulimi wala jicho litakaloweza kufanya kazi hiyo. Maji ya chujio ayatumie kwa kunywa na kupikia tu. Ya kufulia na kuogea yatoke kwenye kisima kama kawaida. Na wale wanaotia magadi kwenye maharage na makande ili yaive upesi, wakumbuke kwamba baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Hakuna faida ya kuiondoa kwenye ndoo na kuirudisha kwenye chungu.

Viongozi wa vijiji na kamati za maji nao wana swali moja la kumwuliza kila mfadhili anayekuja na machujio: baada ya miezi sita, nani atarudi kupima? Kama hana jibu, asaidiwe kulipata kabla hajashusha mzigo.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, nawatakia maji mema.